Mafuta Yasiyokula Rangi

Siku niliyomwaga mafuta ya fundi juu ya pikipiki ya mtu nilikuwa nimetoka hospitali moja kwa moja, mtoto mdogo mgongoni, kanga imelowa maziwa kifuani kwa sababu sikuwa nimepata hata nafasi ya kukaa nimnyonyeshe. Ilikuwa Jumapili mchana, Kizota. Gereji ya fundi ilikuwa wazi, maana yeye hupumzika Ijumaa tu, tena zile saa mbili za msikitini.

Nikasimama mbele yake nikamwambia, "Breki uliyotengeneza imekamata. Mume wangu kaanguka na mwanangu mteremkoni. Mtoto kavunjika paja."

Fundi akacheka.

"Mtani," akasema, "paja linalovunjika ni la kuku. Mgogo havunjiki, anapinda tu. Haya, leo umekuja kuomba nini?"

Wanaume watatu waliokaa kwenye matairi wakingoja vyombo vyao wakacheka pamoja naye. Siwalaumu sana. Mimi ni Mgogo, na fundi ni mjukuu wa wale waliokuja Ugogo na misafara ya biashara, wakachoka njiani, wakajenga mjini. Watu wake na watu wangu ni watani toka enzi hizo. Mtani unamwambia lolote. Unamtangazia kifo, unamnyang'anya kofia kichwani, unamwita mwizi mbele ya wakwe zake, naye haruhusiwi kukasirika. Na mimi mwenyewe, wiki mbili kabla, nilisimama palepale nikamwambia kwamba mume wangu amekufa kwa sababu ya ufundi wake mbovu, alete sanda. Mume wangu wakati huo alikuwa sokoni anauza mitumba, mzima wa afya.

Kwa hiyo nikarudia, polepole. "Mtoto kavunjika paja. Yuko wodini."

"Basi nitakuja na ngoma," akasema, na akageuka kutafuta spana yake.

Nilichokuwa nimekivumilia tangu jana yake kikaishia hapo. Kwenye benchi palikuwa na chupa ya soda imejaa mafuta, nikaijua, ndiyo ileile aliyotumia kwenye breki yetu. Pembeni ilisimama pikipiki ya mteja, tenki limepakwa rangi nyekundu mpya. Nikaichukua chupa nikaimimina yote juu ya lile tenki.

Nilitaka kuharibu kitu. Marehemu baba alinifundisha nikiwa mdogo kwamba mafuta ya breki yanakula rangi. Tone moja likianguka kwenye tenki usipolifuta, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua, kisha inabanduka. Nilitaka lile tenki libanduke lote, mwenye nalo apige kelele, fundi aache kucheka. Mwenye nalo kelele alipiga kweli. Akainuka kwenye tairi, akanitazama mimi, akatazama mtoto mgongoni, akashindwa afanye nini. Mimi nikasimama nangoja rangi ivimbe.

Haikuvimba. Tulisimama pale watu watano tukitazama tenki, na mafuta yakatiririka taratibu, yakadondoka mchangani, na rangi ikazidi kung'aa. Ilipendeza kuliko mwanzo.

Mmoja wa wale wanaume alikuwa dereva wa lori. Akaja akachovya kidole, akanusa, akasugua kwa dole gumba.

"Fundi," akasema, "haya ndiyo unatia kwenye breki za watu?"

Hakuna aliyecheka tena. Fundi alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mtoto yuko wodi gani?"

Niliondoka nikiwa nimenyoosha shingo, na nyuma yangu nikawasikia wale wateja wakimshukia, mmoja akiuliza na yake ametiwa nini. Kwa jinsi walivyoniona, mwanamke nimekuja na mtoto mgongoni nikaufichua uongo wa fundi hadharani.

Uongo wangu mimi hawakuuona. Yale mafuta nilijua si ya breki, ingawa hasira ilinisahaulisha mpaka rangi ilipokataa kuvimba. Nilijua tangu siku yalipotiwa. Fundi mwenyewe aliniambia.

*

Pikipiki ilikuwa ya baba. Alikuwa bwana mifugo, na shirika lililomwajiri lilipouza vyombo vyake vichakavu, yeye akachukua hiyo. Ilikuwa kuukuu, silinda mbili, nzito kama ng'ombe aliyelala, na ilikuwa na kitu ambacho pikipiki nyingine za zama zake mtaani kwetu hazikuwa nacho: breki ya mbele ya diski, inayotumia mafuta. Wengine wote walikuwa na breki za waya. Baba aliipenda breki ile kuliko taa, kuliko kiti. Alikuwa na kikopo kimoja cha mafuta ya breki alichokifungia kabatini pamoja na vyeti vyake, kwa sababu miaka ile ya foleni na vibali hukujua utakipata lini kingine.

Alipokufa, kaka zangu waliangalia ile pikipiki wakasema ni chuma chakavu. Nikaichukua mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimeolewa, na mume wangu alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya umma. Kampuni ikabinafsishwa, stoo ikafungwa, akarudi nyumbani na barua ya kupunguzwa kazini. Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila mtu ameruhusiwa kufanya biashara. Akaanza kuuza mitumba. Robota la nguo analifunga nyuma ya pikipiki ya baba, anakwenda minadani, siku nyingine mpaka Chemba, anarudi jioni amejaa vumbi hata kope.

Siku moja alirudi kutoka Chemba akasema mkono wa breki umekuwa laini, unaukamua unagusa usukani ndiyo pikipiki inaanza kufikiria kusimama. Nikajua ni upepo umeingia. Nilipeleka kwa fundi mara ya kwanza, akaigusagusa, ikakaa siku mbili, ikarudi vilevile. Mara ya pili hivyohivyo. Kila nikienda kulalamika tunaishia kwenye utani. Namwita mpagazi, ananiita ombaomba, watu wanacheka, narudi nyumbani na breki mbovu. Hasira yangu yote ilikuwa inaishia kwenye kicheko, na kwa kweli nilikuwa nacheka na mimi. Ilikuwa ni sehemu pekee mjini ambapo mtu alinichekesha.

Mara ya tatu niliisukuma Jumanne asubuhi. Mwenzake fundi waliyekuwa wakishirikiana kazi alikuwa amekwenda msibani, na kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili.

"Leo sina wa kunikamulia," fundi akasema.

"Nipo."

"Wewe? Na huyo mgongoni?"

"Huyu hakamui, amelala."

Akacheka, akanipa upande wa usukani.

Akafungua kikopo kidogo kilichopo juu ya usukani, akanyonya mafuta ya zamani kwa bomba la sindano. Yalikuwa meusi kama kahawa iliyochacha. Akatia mapya kutoka kwenye chupa ya soda. Kisha akachuchumaa chini kwenye gurudumu, akachomeka mpira wa dripu kwenye kijinati cha kutolea upepo, ncha ya pili akaizamisha ndani ya chupa nyingine ili usivute hewa.

"Pampu."

Nikakamua mara tatu, nne, tano.

"Shika."

Nikabana mkono wa breki nisiuachie. Akalegeza nati. Mkono ukazama taratibu chini ya vidole vyangu mpaka ukagusa usukani, na kule chini kwenye mpira nikaona mapovu yanapita, moja kubwa, mawili madogo.

"Usiachie."

"Sijaachia."

"Ukiachia kabla sijakaza inavuta upepo tena, nitakufunga wewe badala ya mbuzi."

"Kaza basi, mzee, mkono unauma."

Akakaza. "Achia."

Tukaendelea hivyo karibu nusu saa. Pampu. Shika. Achia. Kila baada ya muda anainuka anaongeza mafuta juu, maana kikopo kikikauka unaanza upya. Kazi ile niliifanya na baba tangu mikono yangu haijafika vizuri kwenye usukani. Nilikuwa nimesahau utamu wake, ule wakati mkono unapoanza kukukatalia, kila ukikamua unakuwa mgumu zaidi, mpaka unasimama katikati hausogei. Mtoto aliamka mgongoni akalia, nikamtikisa kwa kiuno huku mkono umebana. Fundi akamwambia, "Nyamaza, ombaomba mdogo, mama yako yuko kazini." Ninaikumbuka ile nusu saa kuliko siku nyingi za mwaka ule, na sipendi kwamba naikumbuka vizuri.

Povu la mwisho lilipotoka, mpira ukapitisha mafuta matupu. Nikakamua. Ngumu kama jiwe.

"Mafuta yenyewe umepata wapi?" nikamuuliza, maana nilikuwa nimeona rangi yake si ile ya kikopo cha baba.

Akafuta mikono. "Haya ya haidroliki. Ya trekta. Lakini masafi kabisa."

"Ya trekta kwenye breki?"

"Sasa nitie nini, mtani? Zamani vikopo havikuwepo, leo dukani vimejaa kila rangi, na kilichomo ndani hakuna anayekijua. Wiki iliyopita nimefungua kimoja, maji na sabuni. Haya ya trekta angalau nayajua. Ijumaa kuna lori linashuka kutoka Dar, kuna mtu ananiletea yenyewe. Mtarudi nitoe haya, nitie yale. Kwa hapa mjini yanatosha. Mwambie mumeo asitoke nayo mjini. Akitoka nayo nitakuja kukurithi."

"Urithi nini, mpagazi wewe, hata chungu hujawahi kumiliki."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akanitazama, akasema tena, "Nakwambia kweli. Mpaka Ijumaa. Yakipata moto wa safari sijui yatafanya nini."

Wengine wameniambia ningeweza kudai nilidhani ni utani. Ningeweza. Utani unafaa sana kwa jambo kama hilo, unaingiza ndani yake chochote na hakuna wa kukuuliza. Lakini mimi nilikuwepo. Najua alisema mara mbili, na mara ya pili hakuwa anatania.

*

Niliyemtaka alikuwa mwanangu wa kwanza.

Nilipojifungua wa pili nilikaribia kufa, na mama yangu akaja kutoka Gulwe akamchukua yule mkubwa, binti, hajafika hata miaka mitatu. Tukasema miezi mitatu. Ikawa mwaka na zaidi. Kila tukipanga kumfuata, kuna mnada, au mtoto mdogo ana homa, au mume wangu amechoka. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona, nilimwita akajificha nyuma ya sketi ya bibi yake. Aliniamkia "mbukwa" kama wanavyoamkiwa wageni. Bibi yake alikuwa anamwita mama. Nilirudi kwa treni nikiwa nimekaa dirishani sioni kitu.

Mwezi ule mvua ikakata reli karibu na Gulwe, treni zikasimama. Mume wangu akasema basi tungoje reli ipone. Nikamwambia nimengoja vya kutosha, kuna pikipiki. Tukagombana Jumatatu, tukagombana Jumanne. Jumatano jioni akakubali ghafla, akiwa anakula, bila kuinua kichwa.

"Haya. Kesho nakwenda. Breki vipi?"

"Imetengenezwa."

"Imepona kweli?"

"Ngumu kama jiwe. Jaribu mwenyewe."

Akainuka na mkono wenye ugali, akaikamua kwa ule mwingine, akaguna kwa kuridhika, akarudi kula.

Ningemwambia angoje Ijumaa, angeshukuru. Angesema Ijumaa kuna hili, Jumamosi kuna mnada, na mwanangu angebaki Gulwe mpaka mvua nyingine. Ndivyo nilivyowaza. Siku mbili. Nilikataa kungoja siku mbili, baada ya kungoja zaidi ya mwaka. Nilimfungia chapati za njiani kwa mkono wangu, na gauni jipya la mtoto, la mitumba lakini zuri, la maua.

Alhamisi alikwenda salama. Ijumaa akalala kwa mama, na lori la fundi likashuka kutoka Dar kama alivyosema. Fundi mwenyewe alipita nyumbani baada ya swala ya mchana akauliza chombo kiko wapi. Nikamwambia kiko kwa mume wangu, sokoni. Hilo nalo nilisema. Akaniambia, "Basi kesho mlete," akaenda zake.

Jumamosi walirudi. Mume wangu alinieleza baadaye. Alimkalisha mtoto mbele yake juu ya tenki, akamfunga kwa kanga ya mama yangu tumboni kwake. Baada ya kuacha Mpwapwa gurudumu la mbele likaanza kuwa zito, akadhani ni mchanga. Likazidi. Akasimama akagusa diski, ikamuunguza kidole. Akamwagia maji ya kunywa, ikapoa, wakaendelea. Kumbe mafuta yale yalikuwa yamevimbisha raba za ndani, breki ikawa inakamata yenyewe hairudi. Walipofika kwenye mteremko mtoto alikuwa anaimba. Akagusa mkono wa breki kidogo tu, apunguze mwendo, na gurudumu likasimama moja kwa moja.

Lori la mahindi likawaleta mjini.

Mume wangu alivunjika mtulinga, mkono ukafungwa shingoni. Mtoto walimlaza, mguu wakaunyoosha kwa kamba inayopita juu ya chuma mpaka mwisho wa kitanda, kule mwisho wamening'iniza mfuko wa mchanga. Nilipoingia wodini alikuwa macho. Alinitazama mimi, akatazama mlangoni nyuma yangu, akauliza kwa Kigogo, "Mama yuko wapi?" Nikamwambia niko hapa. Akasema, "Siyo wewe. Mama."

Daktari alisema mfupa utaunga, ila huenda mguu huo ukawa mfupi kuliko mwenzake. Umekuwa mfupi. Sasa anasoma, anakimbia na wenzake, na mimi nikiwa naosha vyombo uani namjua kwa mlio wa hatua zake anaporudi.

*

Fundi alikuja hospitali Jumatatu. Nilikuwa nimekaa upande huu wa kitanda, mume wangu upande ule na mkono wake shingoni. Fundi amevaa kanzu safi, amebeba chupa ya chai yenye uji. Nilimwona tangu mlangoni nikakunja uso.

"Shikamoo," mume wangu akamwambia.

"Marahaba. Nani kamning'iniza mjukuu wangu kama nyama ya bucha?"

Mtoto alikuwa hajacheka tangu aletwe. Siku mbili tumembembeleza, tumemwimbia, ametukataa wote. Huyu mzee akaugusa ule mfuko wa mchanga kwa kidole akamwambia, "Huu mzigo nani kakubebesha? Mpagazi ni mimi," akajifanya anautwisha kichwani unamwelemea, na mwanangu akacheka. Mume wangu akacheka naye huku ameshika bega. Mimi nilichukia kile kicheko kuliko kilio chote cha siku zile.

Kisha fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani akamwambia mume wangu, "Kosa langu. Mafuta niliyotia yalikuwa siyo. Nilikosa yenyewe."

Mume wangu akatikisa kichwa. "Mzee, ungeniambia tu. Ningengoja."

Fundi alinitazama. Ilikuwa mara moja tu, kisha akatazama sakafu, akavua kofia, akaigeuzageuza.

"Ningekwambia," akasema.

Akammiminia mtoto uji, akamnywesha kwa kijiko, akaondoka. Mume wangu akasema yule mzee ni mtu mwema, basi yaishe. Nikamwambia hayaishi. Akaniuliza nataka nini. Nikasema nakwenda kushtaki.

Nilikuwa na hasira na fundi, hilo ni kweli na bado ninayo. Mtu hatii mafuta ya trekta kwenye breki ya mtu mwenye watoto halafu akafunga onyo ndani ya mzaha. Lakini siku ile nilimchukia zaidi kwa kunisitiri. Alichukua kosa langu akaliweka juu ya lake bila kuniuliza, kama anavyobeba mtani jeneza la mtani.

Balozi wetu wa nyumba kumi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu.

"Mama, unamshtaki mtani?"

"Namshtaki fundi."

"Si mtani wako?"

"Ni mtani. Na ni fundi."

"Sasa mtani unamshtaki wapi? Mwambie alete mbuzi, tule wote, yaishe. Hata mwenyewe utamla ukicheka."

"Ndiyo maana sitaki mbuzi."

Akasema basi niandike, kama nimesoma. Nikaandika, mchana, kwenye baraza ya hospitali, kwenye karatasi za daftari la shule, mtoto mdogo akinivuta kalamu. Barua ya kwanza ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa na kila kosa la fundi kwa mpangilio, na mimi ndani yake nilikuwa mama tu aliyeonewa. Nikaisoma mara mbili. Nikaikunja nikaitia kwenye kikapu, halafu nikaandika nyingine.

Ile ya pili nilimsomea mume wangu kabla ya kuipeleka, pale kando ya kitanda. Nilipofika kwenye aya ya nne akanyanyua mkono wake mzima.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Toka lini?"

"Toka Jumanne ile."

"Na mimi nilikuuliza breki vipi."

"Uliniuliza."

Alimtazama mtoto, amelala. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Akasema, "Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo."

"Basi peleka kama ilivyo. Usifute kitu."

Kwenye ofisi ya kata karani wa baraza aliisoma akiwa amesimama. Alikuwa kijana wa umri wangu, amevaa tai. Akafika katikati akashusha karatasi.

"Dada, hii aya ya nne inakuharibia kesi. Ukiitoa, huyu mzee hana pa kutokea. Ukiiacha, wanacheka wote wanakwenda nyumbani."

"Iache."

"Nakushauri tu."

"Nimesikia. Piga mhuri."

Akapiga. Nakala yake ninayo, nayo inasema hivi:

*Kwa Baraza la Kata.*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa hapa Kizota. Ninamlalamikia fundi wa pikipiki wa mtaa wetu, na maelezo yangu ni haya.*

*1. Jumanne nilimpelekea pikipiki yenye upepo kwenye breki ya mbele. Aliutoa upepo mbele yangu, na mimi ndiye niliyemkamulia mkono wa breki.*

*2. Alitia mafuta ya haidroliki ya trekta mahali pa mafuta ya breki, akijua siyo yenyewe. Baada ya siku chache raba za ndani zilivimba na breki ikakamata yenyewe. Jumapili nilimwaga mafuta hayo juu ya tenki la mteja wake mbele ya watu, na rangi haikubanduka. Mwenye tenki nimemwomba radhi.*

*3. Kwa sababu ya breki hiyo mume wangu alianguka mteremkoni Jumamosi akitokea Gulwe. Amevunjika mtulinga. Binti yetu wa miaka minne amevunjika paja na amelazwa.*

*4. Fundi aliniambia mafuta siyo na pikipiki isitoke mjini mpaka Ijumaa. Aliniambia kwanza kwa mzaha, kisha bila mzaha, na mara ya pili nilielewa. Sikumwambia mume wangu. Aliponiuliza nilimjibu breki imepona, kwa sababu nilitaka mtoto wangu aletwe upesi. Ijumaa fundi alikuja kuulizia pikipiki, nikamdanganya kwamba iko sokoni. Mume wangu alisafiri bila kujua. Hili ni kosa langu, siyo la fundi.*

*5. Sidai mbuzi wala kitu chochote. Ninaomba fundi azuiwe kutia mafuta ya namna hiyo kwenye breki ya mtu yeyote, na akikosa mafuta yenyewe aseme kwa mwenye chombo, kwa maneno ya kawaida, na chombo kibaki gereji.*

*6. Ninaomba tuitwe wote wawili siku moja, tuulizwe mbele ya mume wangu. Najua fundi atasema sisi ni watani, na wajumbe wengi watacheka. Ninaomba baraza lisipokee utani kuwa utetezi, wake wala wangu.*